Akiba ya dharura ya kipindupindu katika halmashauri: namna ya kuipanga, kuihifadhi na kuizungusha

Simu iliita saa saba na nusu usiku. Mganga wa zahanati moja ya kando ya ziwa alisema amepokea wavuvi wawili wanaoharisha choo kinachofanana na maji ya kuoshea mchele. Mmoja macho yalikuwa yameingia ndani na mapigo ya mkononi hayashikiki. Zahanati ilikuwa na chupa nne za dripu.

Nilikuwa mfamasia mgeni katika halmashauri hiyo. Kwenye leja akiba ya dharura ilikuwepo, katoni juu ya katoni, zimebandikwa karatasi nyekundu. Ufunguo wa stoo alikuwa nao mtunza stoo, naye alikuwa msibani wilaya ya jirani, simu imezimwa. Alfajiri tulivunja kufuli. Dripu tulizikuta, ila nusu yake muda wa matumizi ulikuwa umeisha miezi mitano nyuma, na mipira ya dripu haikuwepo hata mmoja. Mipira tukaenda kuiomba wodini. Mvuvi mmoja alipona. Wa pili alifariki saa mbili asubuhi, gari letu likiwa bado njiani.

Leja ilisema tuna akiba, na mtu akafa kwa kukosa akiba. Naandika mwongozo huu kwa wafamasia wa wilaya, waganga wakuu, makatibu wa afya na maafisa afya, ili nyumba nyingine isipate msiba wa namna ile. Nitatumia kipindupindu kwa kuwa ndicho ninachokijua zaidi, na ndicho kinachorudi kwetu mara kwa mara. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulizunguka nchi kwa takriban miaka mitatu. Waliougua walizidi 33,000 na waliokufa walizidi 500.

Hatua ya 1: Tenganisha akiba yako na akiba ya Taifa

Watu huchanganya hapa mapema kabisa. Akiba kubwa ya nchi iko Bohari ya Dawa (MSD), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, yenye bohari za kanda Mwanza, Mbeya, Moshi, Dodoma, Tabora, Mtwara na kwingineko. Chanjo za dharura ziko mbali zaidi. Kundi la kimataifa linaloratibu chanjo za milipuko, ICG, liliundwa 1997 kwa ajili ya homa ya uti wa mgongo, na akiba ya chanjo ya matone ya kipindupindu ikaanza 2013. Chanjo hizo huombwa na Wizara, na hazitoshi dunia nzima. Oktoba 2022 uhaba ulilazimisha watu wapewe dozi moja badala ya mbili. Kwa hiyo usiiweke chanjo kwenye hesabu ya wilaya, wala usimwahidi mkuu wa wilaya kwamba inakuja.

Kinachobaki mikononi mwako ni saa 72 za mwanzo. Mgonjwa mahututi wa kipindupindu asipotibiwa anaweza kufa ndani ya saa chache. Akipata maji mwilini mapema, vifo hushuka chini ya 1 kwa kila wagonjwa 100. Hakuna lori la kanda linaloweza kushindana na saa hizo, hata dereva awe hodari vipi. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, kijiji cha Kigoma kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, kipindupindu kiliingia na njia ya kufika pale ilikuwa maji. Meli ya MV Liemba ilibidi iwahamishe watu kwa safari nyingi. Fikiria sasa zahanati zako zilizo visiwani, bondeni au ng'ambo ya mto unaofurika wakati wa masika. Akiba ya wilaya inawekwa kwa ajili ya zahanati hizo. Hospitali ya wilaya ingeweza kujipigania hata bila akiba.

Kama uko Kenya, weka KEMSA mahali ninaposema MSD na kaunti mahali ninaposema halmashauri. Majina ya ofisi yatabadilika, saa zitabaki zilezile.

Hatua ya 2: Piga hesabu, usikisie

Nimeona oda za dharura zilizoandikwa "katoni 50" kwa sababu 50 ni namba nzuri. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha zamani ambacho mpaka leo sijapata kingine rahisi kama hicho kwa kuanzia: chukulia watu 2 kwa kila 1,000 wataugua, na katika kila wagonjwa 100, 20 watakuwa mahututi wa kuhitaji dripu na 80 watatosheka na ORS ya kunywa (chumvichumvi na sukari za kuchanganya na maji). Kwa wagonjwa hao 100 unahitaji angalau:

- pakiti 650 za ORS za kuchanganya na lita moja moja;
- lita 120 za dripu ya Ringer lactate (tunayoiita RL), pamoja na mipira yake;
- vidonge 60 vya doxycycline (dawa ya kuua vijidudu) vya miligramu 100, yaani vitatu kwa kila mgonjwa mahututi mtu mzima;
- kanula (mirija inayochomwa mshipani) ndogo za watoto 10, na mipira ya kupitisha puani 3 ya wakubwa na 3 ya watoto;
- ndoo 2 kubwa zenye bomba, vikombe 40, plasta na pamba.

Halmashauri yenye watu 300,000 itatarajia wagonjwa 600. Hiyo ni ORS 3,900 na lita 720 za RL. Simama hapo kwenye neno lita. RL inayotufikia mara nyingi ni chupa ya mililita 500, kwa hiyo lita 720 ni chupa 1,440. Aliyeandika 720 kwenye oda amejinunulia nusu ya akiba bila kujua. Angalia na ORS: baadhi ya pakiti, hasa zile zilizofungwa pamoja na zinki ya watoto, ni za nusu lita. Soma nyuma ya pakiti kabla hujapiga hesabu.

Usishtuke kwa ukubwa wa namba. Huna haja ya kuweka yote makao makuu ya wilaya. Mimi huweka theluthi moja, wagonjwa 200 kwa mfano huu: ORS 1,300 na chupa 480 za RL. Theluthi mbili zinazobaki nazipatia uhakika wa maandishi kutoka kanda, kwamba zitatoka ndani ya siku ngapi nikipiga simu. Wilaya ya kisiwa au yenye barabara inayokatika iweke nusu au zaidi.

Kisha jiulize maswali ya wodini. Mtu mzima wa kilo 50 aliyeishiwa maji kabisa anatakiwa apate lita 5 ndani ya saa tatu, na lita moja na nusu kati ya hizo iingie ndani ya nusu saa ya kwanza. Maji hayo hayapiti kwenye kanula nyembamba ya bluu. Weka za kijani (G18) na za kijivu (G16), na za njano kwa ajili ya watoto. Kwa kila mgonjwa mahututi weka mipira miwili ya dripu, maana mmoja utaziba au utaanguka chini kwenye tope. Ukumbuke yule mvuvi. Dripu isiyo na mpira haimsaidii mgonjwa.

Dawa ya kuua vijidudu fuata mwongozo wa Wizara wa wakati huo na majibu ya maabara, kwa sababu usugu hubadilika. Dawa ni msaidizi tu. Maji ndiyo yanayookoa maisha.

Orodha ile ya Shirika la Afya Duniani haina vitu ambavyo utavitafuta kwa machozi usiku: tochi na betri, mifuko ya kuhifadhia maiti, turubai, vitanda vyenye tundu la kupitishia choo (au fundi seremala aliyeshaelekezwa namna ya kuvitengeneza), ndoo za kutapikia, gumbuti, glavu nene za usafi, pampu ya mgongoni ya kupulizia, daftari la wagonjwa, vichupa vya kubebea sampuli ya choo kwenda maabara, na mafuta ya gari. Mafuta hayakai stoo, lakini yawekewe mkataba na kituo kinachofungua usiku.

Hatua ya 3: Ongeza kwa hatari ya eneo lako, kidogo

Kagera wana sababu ya kuweka mavazi kamili ya kujikinga. Homa ya virusi vya Marburg ilitangazwa huko Machi 2023, wagonjwa wakiwa 9 na vifo 6, ikarudi Biharamulo Januari 2025 na kuua 10. Wilaya za mpakani na njia za wasafirishaji nazo ziweke seti kadhaa. Lakini usigeuze stoo kuwa duka la kila balaa. Seti za kuwavalisha watumishi wachache kwa siku mbili tatu, mpaka timu ya mkoa ifike, zinatosha, na watumishi hao wawe wamefundishwa kuvaa na hasa kuvua. Ovaroli iliyovuliwa vibaya huambukiza.

Hatua ya 4: Pesa

Sehemu hii ni fupi kwa sababu njia ni chache. Ingiza akiba ya dharura kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri ikiwa na mstari wake. Usiifiche ndani ya "dawa na vifaa tiba". Mstari uliofichwa hukatwa wa kwanza. Agiza MSD. MSD wakikosa, nenda kwa Mshitiri wa mkoa wako (muuzaji binafsi aliyeteuliwa kuziba pengo la MSD), na maombi yote yapite kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma, mapema, kipindi cha kiangazi, bei zikiwa zimetulia. Anayeanza kutafuta mzabuni siku ya mlipuko anapanga foleni pamoja na wilaya zote zenye mlipuko. Dunia nzima iliona hilo kwenye barakoa mwaka 2020.

Mkurugenzi atakuuliza kwa nini anunue vitu vya kukaa. Mjibu kwamba utanunua mara moja tu, na baada ya hapo hakuna chupa itakayokaa. Jibu hilo liwe kweli, na ukweli wake uko Hatua ya 6.

Hatua ya 5: Stoo na sanduku la kijiji

Chumba kiwe mahali pa juu, pasipofikiwa na mafuriko. Tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang Desemba 2023 lilivyoingia Katesh linatosha kumkumbusha mtu asiweke akiba ya maafa njiani mwa maafa. Katoni zikae juu ya chaga, sentimita 10 kutoka sakafuni na 30 kutoka ukutani, na mrundikano usizidi mita mbili na nusu, kwani katoni za dripu zikirundikwa sana za chini hupasuka. Joto lisipite nyuzi 30. Kwa watu wa Tanga, Lindi au Mtwara wenye stoo ya bati, hiyo maana yake ni dari, feni na madirisha ya kupitisha upepo, pamoja na kipimajoto kinachosomwa na kuandikwa mchana, jua likiwa kali, wala si saa mbili asubuhi wakati kila stoo ni baridi. Panya nao wanapenda chupa laini za dripu. Ukiona maji sakafuni, usidhani bati linavuja.

Klorini ipewe chumba chake. Nasisitiza: chumba chake, siyo kona yake. Mvuke wake unakula rafu za chuma, vifungashio na mizani, na ikikutana na mafuta au petroli inaweza kuwaka. Katika stoo moja niliyoirithi, ndoo ya klorini isiyofunikwa vizuri ilikaa mwaka mzima karibu na vifaa vya upasuaji. Mikasi yote ilikuwa na kutu, ikiwa bado ndani ya pakiti.

Sasa jambo ambalo ningependa ulichukue hata ukiacha mengine yote: usihifadhi akiba kwa aina ya kitu, ihifadhi kwa wagonjwa. Akiba iliyopangwa kwa aina, dripu huku, mipira kule, kanula kabati lile, inahitaji mtu mtulivu wa kuikusanya, na usiku wa mlipuko hakuna mtu mtulivu. Chukua masanduku ya plastiki yenye mfuniko na ujaze kila moja mahitaji ya wagonjwa 10, wawili kati yao wakiwa mahututi:

- ORS 65, au 130 kama ni za nusu lita;
- chupa 24 za RL za mililita 500;
- mipira ya dripu 4;
- kanula za kijani 4, za kijivu 2, za njano 2;
- doxycycline 6, zinki ya watoto, plasta, glavu boksi moja;
- vikombe 4, tochi, kalamu, fomu za kuandikia wagonjwa, na karatasi moja yenye mpango wa matibabu kwa herufi kubwa.

Ukirudi kwenye kipimo cha watu 2 kwa 1,000, utaona sanduku moja linatosha kuanzia kwenye kijiji cha watu 5,000. Ndiyo maana tunaliita sanduku la kijiji. Uzito wake ni kama kilo 15, bodaboda analifunga nyuma na kwenda. Masanduku 20 yanatimiza akiba yako ya wagonjwa 200. Matatu au manne kati yake usiyaweke makao makuu kabisa. Yapeleke kwenye vituo vya afya vilivyo mbele zaidi, karibu na mialo, machimbo madogo ya dhahabu na kata zilizokuwa na wagonjwa miaka iliyopita.

Klorini na vifaa vya usafi vinafungwa pembeni, kifurushi chake. Juu ya ndoo bandika vipimo vya klorini ya unga ya asilimia 70: gramu 14 kwa ndoo ya lita 20 kwa kunawa mikono, gramu 60 kwa ndoo hiyohiyo kwa kusafishia sakafu na vitanda. Weka na kijiko ulichokwisha kukipima kwenye mizani, ukakiandika gramu zake kwa kalamu isiyofutika. Usimwachie mhudumu wa zamu kazi ya kugawa na kuzidisha saa tisa usiku.

Nje ya kila sanduku ning'iniza kadi ya stoo yenye mstari mmoja mkubwa: tarehe ya kitu kitakachoisha muda mapema kuliko vyote ndani. Tarehe hiyo ndiyo umri wa sanduku zima.

Hatua ya 6: Zungusha

Akiba nyingi duniani hazikuibiwa wala kuungua. Zilizeeka zikiwa zimefungwa. Jimbo la Ontario nchini Canada, baada ya kuumizwa na ugonjwa wa mapafu wa SARS mwaka 2003, lilinunua barakoa za N95 karibu milioni 55. Ilipofika 2017, mkaguzi wa jimbo alikuta zaidi ya asilimia 80 ya akiba ile imeisha muda. Miaka mitatu baadaye ikaja korona. Marekani nayo ilitoa N95 milioni 85 kutoka akiba yake ya Taifa wakati wa mafua ya 2009, na hazikurudishwa kwa kiwango kile. Hizi ni nchi tajiri, zenye kompyuta na maghala ya baridi. Kilichozishinda ni kitu ambacho wilaya maskini inaweza kukifanya kwa daftari: kukitoa cha zamani kitumike na kuweka kipya mahali pake, kila mara, bila kungoja mlipuko.

Hesabu yake ni hii. Chukua akiba yako ya kitu, igawe kwa matumizi ya kawaida ya mwezi katika hospitali na vituo vyako, kisha ongeza miezi mitatu. Jibu ndilo muda ambao kitu hicho lazima kiwe bado nacho kabla ya kuisha ndipo kitolewe. Mfano: una chupa 480 za RL, na vituo vyako vyote hutumia 80 kwa mwezi. 480 kwa 80 ni miezi 6, ongeza 3, unapata 9. Chupa yoyote ya dharura iliyobakiza miezi 9 inatoka, inaingia kwenye matumizi ya kila siku ya hospitali, na oda ya hospitali ya robo hiyo inaingia kwenye sanduku badala yake. Hospitali haijapoteza kitu na dharura haijapungua. Pesa mpya haikutumika.

Ugumu uko kwenye utii. Mfamasia wa hospitali atapenda kupokea chupa zenye miaka miwili, siyo zenye miezi 9. Maliza ubishi huo mapema kwa barua ya mganga mkuu wa wilaya inayosema kwamba mzigo mpya wa RL, ORS, mipira na kanula hupita kwanza kwenye masanduku. Weka siku moja maalumu kila robo mwaka, iwe kwenye kalenda ya ofisi, fungueni masanduku yote, someni tarehe, badilisheni, fungeni kwa lakiri mpya yenye namba. Watu wanne wanamaliza kazi hiyo kabla ya chakula cha mchana.

Kuna vitu visivyo na matumizi ya kila siku, na hivyo vinahitaji akili zaidi. Klorini hupungua nguvu hata ikiwa imefungwa, na joto huiharakisha. Sisi tulipatana na watu wa maji, RUWASA, ambao hutumia klorini mwaka mzima kutibu miradi ya vijijini: wanachukua ndoo zetu za zamani, nao wanaturudishia mpya wanapopata mzigo. Ovaroli na barakoa zinazokaribia kuisha zitumike kwenye mafunzo, maana mtumishi aliyezoea kuvaa vazi halisi ana thamani kuliko vazi lililooza katonini. Mifuko ya maiti weka michache, na ujue mkoa una mingapi.

Na ikitokea kitu kimeisha muda mkononi mwako, kiandike. Kitoe kwa taratibu za kuteketeza dawa za TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na namba yake iingie kwenye taarifa ya robo. Mfamasia anayeficha chupa zilizoisha muda ili leja ionekane nzuri anamwachia mwenzake atakayekuja kufuli la kuvunja alfajiri.

Hatua ya 7: Ufunguo, na ruhusa ya kuutumia

Funguo ziwe tatu: kwa mfamasia, kwa mganga mkuu wa wilaya, na ya tatu ndani ya bahasha yenye lakiri kwa muuguzi wa zamu wa hospitali, mahali ambapo usiku kucha kuna mtu macho. Kwenye mlango wa stoo bandika namba tatu za simu, na mwenye kusafiri aandike jina la anayemkaimu.

Ruhusa ya kutoa ikubaliwe sasa, kwa maandishi, na Kamati ya Usimamizi wa Maafa ya Wilaya, ambayo mkuu wa wilaya ndiye mwenyekiti wake. Kwetu sharti ni moja: mtu mzima au mtoto mkubwa mwenye kuharisha maji ghafla na kuishiwa maji kabisa, au aliyekufa hivyo, akiripotiwa na mtumishi wa afya kwa simu, sanduku moja linatoka. Wakiwa wawili kutoka eneo moja, yanatoka matatu pamoja na kifurushi cha klorini, na kanda ya MSD inapigiwa simu usiku huohuo. Majibu ya maabara hayasubiriwi. Sampuli inachukuliwa, taarifa inakwenda mkoani ndani ya saa 24, na wakati huo dripu inatiririka. Ikija kuonekana haikuwa kipindupindu, basi umempa maji mtu aliyekuwa amekaukiwa maji, na hilo si kosa la kujibia.

Hati ya kutolea isainiwe baadaye, ndani ya siku mbili. Wakaguzi wanalielewa hili kama limeandikwa mapema. Wasilolielewa ni mzigo uliotoka bila utaratibu wowote, hata kwa nia njema.

Hatua ya 8: Jaribu, ukiwa na saa mkononi

Mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, mwambie mganga wa zahanati ya mbali kabisa akupigie usiku bila kumwarifu mtu mwingine ofisini. Anza kuhesabu dakika simu inapoita, acha sanduku linapotua mezani kwake. Jaribio letu la kwanza lilichukua saa tisa na dakika arobaini. Saa sita kati ya hizo zilipotea kabla gari halijawashwa: nani aruhusu, mafuta ya nani, dereva analala wapi. Barabara tuliyokuwa tukiilaumu miaka yote ilichukua saa tatu na nusu tu. Jaribio la tatu, baada ya bahasha ya ufunguo na mkataba wa mafuta, lilichukua saa nne na robo.

Sanduku likifika, lifungue mbele ya mhudumu na umwombe akuonyeshe kila kitu. Utashangaa. Tuligundua kwamba wahudumu wawili walikuwa hawajawahi kushika kanula ya kijivu, na kwamba karatasi yetu ya matibabu ilikuwa na maandishi madogo yasiyosomeka kwa tochi.

Hatua ya 9: Mlipuko ukiisha

Watu huchoka, sherehe ndogo hufanyika, na stoo hubaki tupu. Kipindi hiki ni cha hatari, kwani kipindupindu kinaweza kurudi mvua ijayo. Ndani ya wiki mbili hesabu masanduku, andika kilichotumika kwa wagonjwa wangapi, na ulinganishe na kipimo ulichoanzia. Kama wagonjwa wenu mahututi walitumia lita 8 za dripu kila mmoja badala ya 6, badilisha sanduku, usibadilishe ripoti.

Misaada itakuwa imefika. Ishukuru, kisha isome tarehe. Miongozo ya kimataifa ya misaada ya dawa inataka dawa iwe imebakiza angalau mwaka mmoja inapoingia nchini, na una haki ya kukataa kwa adabu mzigo wa miezi minne ambao utakugharimu kuuteketeza. Mzigo mzuri uliozidi uwape wilaya jirani kwa hati, mapema, ukiwa bado na umri wa kuwafaa.

Oda ya kujaza masanduku iende MSD siku hiyohiyo unayoandika ripoti, iwe kiambatisho chake cha kwanza. Masanduku matupu yaliyorudi kutoka vijijini yaoshwe kwa klorini, yaanikwe juani mpaka yakauke, na yarudishwe kwenye chaga yakiwa na kadi mpya, hata kabla ya kujazwa, ili kila anayeingia stoo aone ni mangapi bado yanasubiri.